Kufufua Datsun 240Z: bajeti na mahali pa kupata spea

Datsun 240Z, gari la michezo la Nissan la miaka ya 1970, ilishinda Safari Rally mara mbili, mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Sifa hizo ndizo zinazomfanya mwenye bodi lililooza nyuma ya gereji akutajie bei ya gari zima. Usibishane naye juu ya historia. Bishana naye juu ya kutu, maana kwenye gari hili fedha huliwa na bati. Injini yake ni ya kawaida na ngumu kufa, na spea zake nyingi unazipata kwa kutumia akili kidogo. Bodi ndilo linalowafilisi watu, na mara nyingi huwafilisi baada ya kuwa wameshanunua rimu mpya na usukani wa mbao.

Soma namba kabla ya kutoa pochi

Namba ya chesi imegongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Ikianza na HS30, gari lilitoka kiwandani likiwa na usukani wa kulia. Ikianza na HLS30, usukani wake ni wa kushoto, na kwa kawaida hilo ni gari la soko la Marekani. Herufi hiyo moja ina uzito mkubwa kwenye bajeti. Wauzaji wengi wakubwa wa spea za 240Z wako Marekani na bidhaa zao zimelenga HLS30. Mipira ya milango, taa, bushi, sakafu, madigadi na vitu vya injini vinaingiliana. Dashibodi, mtambo wa usukani, mabomba ya breki yanayoanzia kwenye masta silinda na mkono wa waipa haviingiliani. Dashibodi ya usukani wa kulia iliyo nzima ni adimu na ghali, kwa hiyo ya kwako ikiwa imepasuka usiitupe. Fundi wa viti anaweza kufungua ufa, kuujaza gundi ya epoksi inayonyumbulika, kupiga msasa na kuivisha ngozi bandia upya.

Angalia pia ni toleo la lini. Gari za mwanzo, hadi mapema 1971, zina matundu mawili ya kutolea hewa kwenye mlango wa nyuma, na nembo ya ubavuni nyuma ya kioo imeandikwa 240Z. Za baadaye zina nembo ya duara yenye herufi Z, nayo ndiyo inayotoa hewa. Vitu vidogo vya toleo la kwanza huuzwa ghali kwa sababu wanaovitafuta ni wakusanyaji. Kama gari lako ni la 1972, usilipie spea bei ya la 1970.

Linganisha namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku na ile ya kwenye kibati kilicho ndani ya chumba cha injini. Zikilingana, injini hiyo ina thamani hata kama imekwama. Itoe, ipake oili, ifunge kwenye plastiki na uiweke pembeni, hata ukiamua kutumia nyingine.

Kupima kutu

Chukua bisibisi butu, sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa, tochi, na muda wa nusu siku. Gari linyanyuliwe kwenye stendi nne. Sumaku ikikataa kushika, chini ya rangi kuna puti. Bisibisi ikizama, hakuna chuma. Pita sehemu hizi bila kuruka hata moja:

- Chini ya betri. Tindikali hudondoka ikala kisahani kinachobeba betri, kisha ukuta wa nyuma yake, kisha reli ya chesi iliyo chini. Kisahani ni kazi ya asubuhi moja. Reli ni kazi ya wiki.
- Reli mbili zinazopita chini ya sakafu. Zikibonyea kwa jeki ya mtu asiyejua, maji huingia na kuzila kutoka ndani.
- Sili, lile boksi la chuma chini ya mlango, hasa ncha yake ya nyuma inapokutana na digadi ya nyuma.
- Shimo la gurudumu la akiba na bati la chini ya taa za nyuma.
- Shimo la kuvutia hewa chini ya waipa. Majani huziba njia ya maji, maji hukaa, na kutu hutokea mahali ambapo huwezi kufika bila kukata.
- Mahali ncha za fimbo za mbele zinazoshika mikono ya suspensheni zinapojifunga kwenye chesi. Hapa pakiwa laini, gari halifai kuendeshwa hata hadi gereji.

Madigadi ya mbele yamefungwa kwa bolti, kwa hiyo yakioza yanabadilishwa. Ya nyuma yamechomelewa pamoja na bodi. Bodi lenye madigadi mabovu ya mbele na mwili safi wa nyuma ni bora kuliko lile linalong'aa mbele huku nyuma limejazwa puti.

Sasa funga na ufungue milango. Nafasi kati ya mlango na sili ikiwa pana upande mmoja na kubana upande wa pili, gari limelegea katikati. Likiwa hivyo, fundi lazima achomelee vyuma vya kushikilia kwenye tundu la mlango, kutoka bawaba hadi kitasa, kabla ya kukata sili. Anayekata sili bila kuweka vyuma hivyo ataishia na milango isiyofunga, na hapo hakuna mpira wala bawaba itakayosaidia.

Kwa kuchomelea, tumia mashine ya MIG yenye gesi na waya wa milimita 0.6, nukta moja hapa na nyingine mbali kidogo ili bati lipumue. Ukimwona fundi anachukua moto wa gesi au welding ya vijiti kwa bati la nje, msimamishe. Joto litalikunja bati, naye atalificha kwa puti ambayo utailipia mara mbili. Kwa sakafu, bati la geji 18 linatosha. Kwa reli, geji 16. Kwa bati la nje, geji 20. Sakafu na reli zinaweza kukunjwa na fundi mzuri wa jua kali kwa kufuata kipimo cha upande uliobaki mzima, na hapo unaokoa fedha nyingi, kwa sababu bati tupu kusafirishwa kutoka ng'ambo ni hasara. Vipande vyenye mikunjo miwili au mitatu, kama kona ya nyuma ya sili, vinafaa kuagizwa.

Kugawa fedha

Tuseme una shilingi milioni 3 za Kenya mbali na bei ya kununulia gari. Tarakimu hii ni ya mfano tu, uwiano ndio wa kushika. Bodi na rangi zitengewe 1,250,000. Injini, giaboksi na difu (gia za ekseli ya nyuma) 500,000. Breki, suspensheni, usukani na tairi 350,000. Waya na umeme 100,000. Viti, mipira, vioo na mapambo 300,000. Hiyo ni milioni 2.5. Laki tano zilizobaki ni akiba, na haziguswi mpaka bodi limetoka kwa fundi likiwa limeshapakwa praima. Sababu ni moja: kutu ya ndani ya sili na ya nyuma ya taa haionekani mpaka ukate. Ukiwa umeshaila akiba kwenye viti, gari litakaa uchi miaka mitatu.

Wanaotaka gari la maonyesho waongeze fungu la bodi, si la injini. Na asiyeamini jinsi kazi hii inavyokula fedha akumbuke kwamba Nissan yenyewe ilijaribu Marekani miaka ya 1990: ilinunua 240Z kuukuu, ikazifufua na kuziuza kwa takriban dola 25,000 kila moja. Mpango ulisimama kabla ya kufikia idadi iliyokusudiwa.

Ukipanga bei ya spea ya kuagiza, usiandike bei ya dukani. Forodha hukokotoa ushuru juu ya bei, bima na nauli kwa pamoja, halafu VAT huja juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru. Chukua spea za dola 600, nauli dola 250, bima dola 9. Jumla 859. Tukiweka ushuru wa asilimia 25 inakuwa 1,073.75. VAT ya Kenya ya asilimia 16 inaongeza 171.80, na unafika 1,245.55 kabla ya tozo ndogondogo na ada ya wakala. Spea ya dola 600 imekuwa zaidi ya maradufu. Kwa hiyo kila dola ya kwenye tovuti ihesabu kama mbili, na ikibaki chenji ni bahati.

Nauli ya ndege nayo hailipwi kwa kilo tu. Kampuni nyingi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawa kwa 5,000, na zinatoza uzito ulio mkubwa. Bampa ndani ya boksi la sentimita 150 kwa 30 kwa 25 inahesabiwa kilo 22.5, ingawa yenyewe ni nyepesi zaidi ya hapo. Bampa, vioo na madigadi yapite baharini pamoja na mzigo wa watu wengine. Ndege iwe ya gasketi, mipira na vitu vya kabureta.

Spea zilizo karibu nawe

Injini ya 240Z ni L24: silinda sita, sentimita za ujazo 2,393, kipenyo cha silinda milimita 83 na mwendo wa pistoni milimita 73.7. Vipimo hivyo viwili ni vilevile vya L16 ya silinda nne iliyokuwa kwenye Datsun 1600. Maana yake, ukiwa kwenye maduka ya Kirinyaga Road Nairobi au Gerezani Dar es Salaam na muuzaji akakwambia hana ringi za pistoni za 240Z, muulize za L16. Huuzwa kwa seti ya silinda nne, kwa hiyo utanunua seti mbili na kubaki na za silinda mbili. Pima unene wa kila ringi kwa kipimo cha venia kabla ya kulipa, kwa sababu watengenezaji hutofautiana. Pampu ya oili na roka za familia ya L pia huingiliana kati ya injini za silinda nne na sita.

Kama bloku imepasuka, tafuta L28. Ni ndugu yake mkubwa, sentimita za ujazo 2,753, na iliwekwa kwenye Nissan Patrol ya petroli ya mfululizo wa 160. Yadi za kuchinja magari huko Sharjah ni mahali pa kuulizia, na hata huku Patrol za zamani bado zipo. Inakaa kwenye nafasi ileile. Sampu (karai la oili chini ya injini) na bomba la kufyonzea oili vihamishwe kutoka kwenye L24, kwa sababu vya Patrol vimetengenezwa kwa ajili ya gari la 4x4.

Ukifungua silinda hedi, angalia alama iliyochongwa ubavuni. E31 na E88 za mwanzo zilikuja na viti vya vali vya shaba, vilivyozoea petroli yenye risasi. Kwa petroli ya leo, karakana ya mashine iweke viti vya chuma kigumu upande wa exosti angalau. Ukiruka hatua hii, nafasi ya vali itaendelea kujibana kila baada ya safari, na siku moja vali itaungua. Nafasi ikiwa injini ni ya moto ni milimita 0.25 kwa vali za kuingizia na 0.30 kwa za kutolea. Mpangilio wa moto ni 1-5-3-6-2-4.

Kabureta za Hitachi zina aina mbili, za kuba la duara na zile bapa za gari za Marekani za 1973. Nunua za kuba la duara. Zile bapa zina historia mbaya ya petroli kuchemka ndani yake gari likiwa la moto, na kwenye foleni ya Mombasa mwezi wa Februari utazilaani. Kabla ya kununua kabureta za mtumba shika mkono wa shafti uutikise: ikicheza, hewa inaingia pembeni na huwezi kuzilinganisha kamwe. Shafti na bushi zake hubadilishwa, lakini punguza gharama hiyo kwenye bei.

Breki za mbele ndizo zenye njia ya mkato nzuri kuliko zote. Kaliper za pistoni nne za Toyota Hilux 4x4 za kati ya 1979 na 1985, zenye chapa S12+8 kwenye chuma chake, hujifunga kwenye 240Z na kutumia diski ileile ya asili. Kuna kazi tatu tu: kata au ondoa bati la kuzuia vumbi nyuma ya diski, pinda upya bomba fupi la chuma, na pima kama rimu yako haigusi kaliper. Pedali itashuka zaidi kwa sababu pistoni ni kubwa. Wengi humaliza tatizo hilo kwa masta silinda ya inchi 15/16 badala ya ile ya 7/8. Pedi za Hilux unazipata hata duka la kona. Drami za nyuma ni habari nyingine. Ni za aluminiamu zenye mapezi na ndani zina pete ya chuma cha kusubu, kipenyo chake milimita 228.6. Mpya ni ghali. Usimruhusu fundi azigonge kwa nyundo kuzitoa. Zina matundu ya bolti ya kuzivuta zenyewe.

Pini ya mkono wa nyuma

Hiki ndicho kitu kinacholaza gari gerejini. Mkono wa chini wa suspensheni ya nyuma umeshikwa na pini ndefu inayopita ndani ya bushi mbili, na katikati kuna kipini kidogo cha kuifunga. Baada ya miaka 50 pini hiyo imeshikana na chuma cha nje. Watu huigonga, ncha yenye nyuzi inavimba kama uyoga, na sasa haitoki kokote. Utaratibu ni huu: toa kwanza kile kipini kidogo, jaza mafuta ya kupenyeza siku kadhaa mfululizo, kisha peleka mkono mzima kwenye karakana yenye presi ya haidroliki. Agiza pini mbili mpya na bushi kabla ya kuanza, maana za zamani hazitatoka zikiwa nzima. Fungu la suspensheni ambalo halina pini hizi ni fungu lililokosewa.

Bolti, skrubu na waya

Gari hili lina nyuzi za milimita, lakini bolti nyingi za M10 zina hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya 1.25, wakati zile za hadweya ni 1.5. Inaingia mizunguko miwili, inakaza, fundi anaongeza nguvu, na uzi wa chesi umekwisha. Nenda na bolti ya mfano dukani. Kwa suspensheni na breki usikubali chini ya daraja 8.8. Skrubu za msalaba ni za Kijapani na bisibisi ya kawaida huzila vichwa. Tumia ya JIS, yaani ya kiwango cha Kijapani, au ile ya kugonga kwa nyundo.

Kwenye umeme, moto wote wa taa za mbele hupita kwenye swichi ya usukani na boksi la fyuzi, na boksi hilo huyeyuka. Weka rilei mbili za kawaida zinazochukua moto kutoka betri, swichi ibaki kuziamrisha tu. Ni kazi ya bei ndogo inayookoa swichi ya bei kubwa. Ukiamua kuacha pointi na kuweka distribyuta ya elektroniki ya 280ZX (Datsun Z ya baadaye) yenye moduli ya E12-80, kumbuka kwamba kipimo cha mizunguko cha 240Z za mwanzo husoma mkondo unaokwenda kwenye koili. Waya wa koili ukipitishwa njia nyingine, sindano italala.

Nini kinunuliwe lini

Nunua bati na vitu vya bodi kwanza, pamoja na kile chochote adimu kinachojitokeza kwa bei nzuri. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo usipange kuleta gari zima la kuchinja. Vyanzo vyako ni mabodi yaliyoko nchini na vipande vya kuagiza. Pili ni suspensheni na breki, ili bodi liweze kusukumwa likitoka kwenye rangi. Injini inaweza kufanywa sambamba ikiwa juu ya stendi. Tairi zingoje hadi mwisho, kwa sababu huzeeka zikiwa zimekaa, na kipimo cha 195/70R14 kinaendana vizuri na rimu za asili za inchi 14.

Mipira ya milango iwe ya mwisho kabisa, baada ya rangi kukauka na milango kupangwa. Mingi ya bandia ni minene mno na mlango hukataa kufunga, halafu mtu anahangaika na kitasa kisicho na kosa. Mipira ya mlango ya Kia Sportage ya kizazi cha kwanza ni laini zaidi na hukaa vizuri, ukikata urefu unaozidi. Ule wa mlango wa nyuma na gasketi za taa za nyuma zisifanyiwe ubahili. Gari likitembea, hewa ya nyuma hurudi ndani, na pengo dogo hapo linaleta moshi wa exosti mpaka kwenye kiti cha dereva. Jaribu usiku: mtu akae ndani na tochi, milango yote ifungwe, nawe zunguka nje. Panapotoka mwanga, moshi utaingilia hapohapo.